Koti Lililotangulia

Baba alikwisha kulishona koti la maabara kabla sijaamua. Jeupe, na kwenye mfuko wa kifuani alidarizi nembo ya chuo kikubwa kwa uzi wa bluu. Alilitundika mlangoni mwa chumba chake cha ushonaji, likitazama barabara, na kila mteja aliyekuja kupunguza suruali alipewa habari zake kabla hajapimwa kiuno.

"La binti yangu hilo. Uhandisi wa umeme."

Hakuwaambia kwamba nimekubaliwa vyuo viwili. Nilitakiwa kuthibitisha kimoja kwenye simu kabla ya jioni ile, na tangu asubuhi nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafagia nilipokwisha kufagia. Nafungua simu, naangalia neno "Thibitisha", naifunga.

"Wewe, utatoboa sakafu," akasema shangazi, aliyekuwa dirishani akipachika vifungo kwenye mashati aliyoshona baba. "Kaa chini."

Nilikaa. Nikainuka.

Chuo kikubwa nilikwenda na baba, siku ya wageni. Alivaa suti. Maabara iling'aa, mashine nyingi bado zimevaa nailoni zilizotoka nazo kiwandani. Kijana aliyetuongoza alisema mwanzoni tutazisoma kwenye skrini, kuzigusa ni baadaye. Nilitaka kuuliza baadaye ni lini. Nilipofungua mdomo alikwisha kuhamia chumba kingine, na baba alikuwa anapapasa pazia, akikagua pindo.

Chuo kidogo nilikwenda na shangazi, maana baba alisema kwa nje kinafanana na ghala. Kweli kinafanana. Karakana ilinuka kitu kilichoungua. Mwalimu, mama mmoja mnene aliyevaa koti lililojaa grisi, alikuwa ameinamia mota iliyofunguliwa mezani. Wanafunzi wameiunguza leo asubuhi, akasema, kama mtu anayesema wamemwaga chai. Akanisogezea.

"Itazame. Unadhani imekufa kwa nini?"

Mimi nikiulizwa jambo mbele za watu maneno hukwama, na kwa kawaida mtu mwingine hunijibia. Shangazi alikwisha kuvuta pumzi. Mwalimu akamwinulia kiganja, kwa upole, akaendelea kunitazama mimi. Feni ililia darini, mtu akaangusha bisibisi, bado alikuwa anangoja.

"Waya nyingine nyeusi, nyingine bado zinang'aa," nikasema hatimaye. "Labda laini moja ya umeme ilikatika, mota ikalazimika kuzunguka kwa zilizobaki."

"Labda," akasema. "Kunja mikono ya hilo gauni, mashine hula nguo. Shika koleo tuone."

Sasa jua lilikuwa linashuka, na simu ilikuwa imepata joto kiganjani mwangu.

"Mwambie," shangazi akaninong'oneza.

"Nitamwambiaje, na koti liko pale?"

"Mnanong'ona nini?" baba akauliza kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka.

Nikamwambia nataka kile kidogo. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

"Watu wote nimewaambia," akasema.

"Najua, baba."

"Mpaka muuza magazeti."

"Muuza magazeti ndiye anayekwenda kusoma?" shangazi akadakia.

"Sikuulizi wewe." Akanigeukia. "Kina nini hicho ambacho kikubwa hakina?"

Maneno yakakwama. Shangazi akafungua kinywa, kisha akauma uzi, akatulia. Baba aliondoa mguu kwenye kanyagio. Akangoja. Sikumbuki kama aliwahi kuningoja hivyo.

"Kule kikubwa sikugusa kitu," nikasema. "Nitapita pembeni pembeni mpaka nimalize, na hakuna atakayejua kwamba naogopa. Ninajijua, baba. Kwenye kile kidogo walinipa mota iliyoungua nikaishika."

Aliinuka, akalishusha koti. Nilidhani atachukua wembe afumue nembo. Aliisugua kwa kidole gumba, polepole, kama anayetafuta kosa kwenye kazi ya mtu mwingine.

"Kwenye hicho kidogo wanavaa nini?"

"Makoti ya bluu iliyokolea. Mikono haivuki kiwiko."

"Kwa nini haivuki?"

"Mirefu inanaswa na mota."

"Hili jeupe lingekuwa tambara kwa wiki moja," akasema, bado amenuna. Akalitundika tena, safari hii nyuma ya mlango. Kisha akavuta jora la bluu kutoka rafu ya chini, akalipiga vumbi, akaitoa futi shingoni.

"Nyoosha mkono."

Nikanyoosha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na simu.

"Tulia basi, unanitikisia kipimo." Futi iliteleza kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ikarudi. "Kimalize hicho kitu chako kwanza, nikupime vizuri."

Nikabonyeza "Thibitisha" ya chuo kidogo. Baba akaguna, akaanza kupima upya kutoka begani.