Kompyuta ya Mwalimu Gerishon

Mwaka wa 2004 Chetan alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta, ghorofa ya pili, Biashara Street. Asubuhi moja mwalimu aitwaye Gerishon alimletea kompyuta iliyokataa kuwaka. Gerishon aliishi mtaa wa Jamhuri, na kila Jumamosi aliwafundisha watoto kompyuta katika ukumbi wa kanisa huko Kinoo. Aliuliza mara mbili kama ni lazima mafaili yake yafunguliwe. Chetan akamwambia atayahamisha tu hadi diski mpya.

Alipomaliza, alifungua machache ahakikishe yamehama vizuri. Aliona picha chafu za watoto. Akazima mashine, akafunga duka na kuibeba ile kompyuta hadi kituo cha polisi.

Inspekta alitazama picha moja, halafu akamgeukia Chetan. Alitaka kujua kwa nini vitu kama hivyo vimepatikana kwa Mhindi wa Biashara Street na si kwa huyo mwalimu anayemtaja. Chetan akawekwa ndani siku nne. Mkewe, Prachi, alizunguka na karatasi ya kupokelea kompyuta, yenye sahihi ya Gerishon, hadi alipopata ofisa wa kuisoma.

Ndipo Gerishon akakamatwa. Mmoja wa watoto kwenye picha alikuwa Mbithe wa Kinoo, mwenye miaka kumi. Mama yake, Kavata, aliyefanya usafi katika ofisi moja Upper Hill, aliitwa kituoni kumtambua. Alimjua kwa gauni la kanisani alilomshonea mwenyewe.

Kortini, kiongozi wa mashtaka alisema hana ushahidi kwamba mwalimu alimgusa mtoto yeyote, na kwamba kuweka picha za namna ile kwenye kompyuta hakukuwa na kifungu chake cha sheria. Alichopata ni kifungu cha zamani cha machapisho machafu. Gerishon alikiri, akatozwa faini, akailipa kabla ya saa sita. Akitoka alimpisha Kavata mlangoni, kwa adabu.

Kavata alimfuata kiongozi wa mashtaka kwenye korido.

"Ni hayo tu?"

"Mama, sheria iliyoko ndiyo hiyo."

Mwaka uliofuata Chetan alisikia kwamba maoni yanakusanywa kuhusu mswada wa makosa ya ngono. Akamtafuta Kavata, aliyemwona kortini, wakaenda pamoja kutoa yao. Chetan alieleza zile siku nne, akaomba sheria imlinde anayeleta habari, maana yeye wateja walishamkimbia na duka lilikuwa karibu kufungwa. Kavata hakuwa na mengi.

"Mtoto wangu ameniuliza ni watu wangapi wengine wameziona zile picha," alisema. "Sina jibu. Andikeni hiyo."

Mtu aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akaonekana kutojua swali hilo aliandike wapi.

Sheria ilipita mwaka wa 2006. Sasa kosa lilikuwa na jina, na kifungo cha miaka kadhaa. Kavata alinunua nakala, akaipeleka kwa wakili mmoja, Njambi, aliyekuwa akisaidia watu bila malipo. Njambi alimsikiliza hadi mwisho.

"Hairudi nyuma, Mama Mbithe," alimwambia. "Alichofanya kinapimwa kwa sheria ya wakati ule. Na kwa ile ameshaadhibiwa."

Gerishon alikuwa amehama Jamhuri. Wapangaji wenzake walisema amepata kazi ya kufundisha mji mwingine, hawakujua upi. Chetan alikuwa ameajiriwa na binamu yake kutengeneza mashine za fotokopi. Mtu akimletea kompyuta, alimwelekeza kwingine.

Mwaka wa 2007 Mbithe alikuwa darasa la nane. Siku ya kupigwa picha ya darasa alitoka kwenye mstari, akaenda kujifungia chooni, na hakutoka mpaka mpiga picha alipoondoka. Kavata aliitwa shuleni. Mwalimu wa darasa alisema mtoto ana kiburi, akamsogezea barua ya onyo atie sahihi, au kama kuna sababu aieleze hapo hapo, mbele ya walimu wenzake.

Kavata aliwatazama walimu waliokuwa wakinywa chai. Akaomba kalamu, akatia sahihi.