Huyu Mtoe Rangi

Meneja alikaa kwenye kiti cha plastiki cha studio, tumbo likitangulia mbele ya mkanda, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa picha yake na mkewe. Alitaka kuitundika ofisini juu ya kiti chake, ili anayeingia akute mameneja wawili, maana mmoja hakutosha kuchosha watu.

"Mimi niache na rangi zangu," alimwambia fundi wa picha. "Huyu mtoe rangi. Nionekane."

Fundi alimzungushia mke alama kwa kipanya, kuanzia nywele hadi viatu, akashusha rangi mpaka sifuri. Kisha akahifadhi juu ya picha ya kwanza, kosa ambalo huwacheka wenzake wakilifanya.

Asubuhi mke aliamka kijivu. Kila alichovaa kiligeuka kijivu, na alipokivua kilirudia rangi yake. Alimpelekea mumewe chai. Meneja aliinywa yote, akasema sukari haikutosha. Aliyegundua ni wifi yake, aliyekuja kuazima sufuria ambayo hakukusudia kuirudisha.

"Wifi, kijivu kimekukaa," alisema. "Tena hakionyeshi uchafu."

Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba Jumamosi binti yao alikuwa anaolewa, na alimchagulia mama gauni la kijani. "Mama, siku hiyo nikigeuka tu nataka nikuone," alimwambia. Mke alilivaa mbele ya kioo. Likawa kijivu. Akakaa kitandani akalia, na machozi peke yake ndiyo yaliyobaki yalivyokuwa.

Alikwenda studio. Fundi alimtazama, akaitazama picha, akaomba radhi. Ile ya kwanza haikuwepo tena. Lakini rangi zingeweza kupakwa upya, mradi atajiwe zilikuwa zipi. Mke alijaribu kukumbuka, lakini kila alipojifikiria alijiona kijivu. Wakampigia Meneja.

"Mume wangu, eti uso wangu una rangi gani?"

Kiti cha ofisini kikasikika kikilalamika.

"Si rangi ya kawaida tu! Niko kikaoni mie."

Fundi alipitia rangi zote za kompyuta. Ya kawaida haikuwemo.

"Na macho?"

"Mawili," alisema Meneja, akakata simu. Baada ya miaka yote ile ya ndoa, hesabu hiyo angalau aliipata.

Jumamosi Meneja aling'aa. Tangu picha itundikwe rangi zake zilikuwa zimezidi, na suti yake ya bluu iliumiza macho. Watu walimsifu, naye akazipokea sifa kana kwamba aliwadai. Binti aliingia, akageuka, akalitafuta gauni la kijani kwenye viti vya mbele. Mama alipunga mkono. Macho ya binti yalimpita, yakaendelea kutafuta.

Ukafika wakati wa picha ya familia. Mpiga picha aliinua kamera, akaishusha.

"Samahani, wewe wa kijivu. Sogea kidogo, unaniharibia rangi."

"Sogea basi, usitucheleweshe," alinong'ona Meneja. "Nishikie na simu."

Akasogea.

Picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni. Wote wanatabasamu isipokuwa bibi harusi, anayetazama pembeni akimtafuta mama yake.