Udongo wa Mpakani

Shimo la tatu lilipofika kifuani, maji yakaanza kuingia. Hayakuja kwa kishindo. Yalichuruzika ubavuni mwa shimo, rangi ya chai ya maziwa, yakazizunguka buti za Eveline mpaka zikawa nzito. Alichomeka rula ya chuma ukutani ikazama yote bila ya kusukumwa sana. Alipoichomoa, bonge la udongo mweusi lilimeguka likamwangukia mguuni, kisha la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Toka humo, mwanangu," alisema Mzee Sedekia kutoka ukingoni, mikono ameshainyoosha. "Litakufunika sasa hivi."

Alimvuta. Upande ule alioukanyaga wakati wa kupanda uliporomoka nyuma yake, na Eveline akajikuta ameketi kwenye tuta la kabichi. Bonde lile la Ikasi lilikuwa la vinyungu, bustani za kiangazi. Sedekia, na baba yake kabla yake, walilima humo mahindi mabichi na mboga kiangazi chote, huko juu nchi imekauka kama mfupa, kwa sababu chini ya bonde hapakauki. Hata mtoto wa chekechea wa Ikasi angekwambia hivyo.

"Sasa wanataka kuweka nini hapa?" mzee aliuliza.

"Kituo, mzee. Polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, vyote jengo moja la ghorofa."

"Kwenye maji?"

Eveline, mpima udongo wa halmashauri, alitoa daftari akaandika: shimo la tatu, maji mita moja na robo.

Kituo kilihitajika, hilo hakuna aliyebisha. Mwaka juzi lori la mafuta lilipinduka kwenye kona ya barabara kuu iendayo Mbeya, likawaka na watu, na gari la zimamoto likafika kutoka mjini wakati wenye ndugu zao wameshaanza kuokota mabaki. Baada ya misiba ile halmashauri mbili, Nyalulenga na Kidope, zikaona heri kujenga kituo kimoja cha pamoja. Haya, kijengwe wapi? Nyalulenga walikuwa na kiwanja kilimani, ardhi nyekundu, ngumu. Kidope wakakataa, wakasema jengo litaonekana la wenzao. Kidope wakatoa chao kando ya barabara, Nyalulenga wakasusa kikao. Vilikaliwa vikao sita, ikanywewa chai, zikaliwa sambusa, na mwisho wakubwa wakapatana kama wakubwa wanavyopatana: jengo lisimame mpakani kabisa, ukuta wa katikati upite juu ya mpaka wenyewe, kila halmashauri iwe na mlango wake, jiwe lake la msingi na ofisi ya mkubwa wake. Mchoro ukapitishwa kwa makofi. Mpaka wenyewe ni kijito cha Ikasi, na hakuna aliyeuliza kijito kitahamia wapi.

Shedrack, kaimu mhandisi wa mradi, aliisoma ripoti ya udongo akiwa amesimama. Kisha akaenda kuufunga mlango.

"Eveline, mdogo wangu, hii ripoti inaniua."

"Udongo ndivyo ulivyo, bosi."

"Umechimba wapi?"

"Penye alama za mchoro."

"Basi kesho kachimbe pale juu, karibu na barabara. Pale udongo mzuri. Uandike matokeo ya juu, lakini namba za mahali zibaki hizi hizi za chini." Alisema taratibu, bila ya ukali wowote, kana kwamba anamwagiza mtu dukani.

"Bosi, msingi utachimbwa mita tatu. Kuta za mtaro hazitasimama. Watakaokuwa ndani..."

"Hao ni wa mkandarasi."

"Ni wanakijiji."

Shedrack alikaa, akaivuta ile ripoti kwake, akaifunika kwa kiganja. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Januari, tarehe thelathini."

"Na mzee wako anaendeleaje? Bado wanamsafisha damu kule Mbeya?"

Eveline hakuwahi kumwambia mtu yeyote ofisini habari za baba yake. Mzee Filemoni alikuwa Soweto, Mbeya, kwa dada yake, na kila Jumanne na Ijumaa alilazwa kwenye mashine kwa kadi ya bima, nayo kadi ilitokana na mkataba wa muda wa Eveline. Mkataba ukiisha, kadi inafungwa. Daktari alikwisha kumwambia mtu wa figo zile akikosa mashine hukaa siku ngapi. Hazifiki ishirini.

"Anaendelea, bosi," alisema.

"Mungu ni mwema. Tunamwombea." Akamrudishia ripoti.

Aliogopa, tusifichane. Lakini alikaa siku tatu bila ya kwenda kuchimba pale juu, akidhani labda watamsahau, labda mkubwa fulani ataamka na akili nyingine. Siku ya kwanza alikuta neno la siri la kompyuta yake limebadilishwa. Siku ya pili Kudra wa utumishi, mwanamke mpole ambaye huwa anamwita dada, alimwambia bila ya kumtazama usoni kwamba fomu yake ya kuongezewa mkataba haionekani. Siku ya tatu alipigiwa simu na namba asiyoijua. Mwanamume alimsalimu vizuri, akamtajia jina la mtaa anaokaa na rangi ya geti la mwenye nyumba wake, akasema, "Dada, usiwacheleweshee wananchi maendeleo," akakata. Siku ile Eveline alifunga mlango kwa kitasa na kwa komeo, kisha akasogeza na meza.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Shangazi alipiga simu kutoka hospitali kusema baba ameshawekwa kwenye mashine, leo ana nguvu, ameomba hata uji wa ulezi. Eveline akamsikia baba mwenyewe kwa mbali akisema, "Mwambie mwanangu asante." Saa tano asubuhi alichimba pale juu. Saa tisa alasiri ripoti mpya ilikuwa mezani kwa Shedrack, ina mhuri, ina majina yake yote matatu, ina sahihi yake. Mwenye nguvu mpishe.

Januari mvua zikiwa zimekolea, mkandarasi aliingia bondeni. Mashine ya kuchimbia ilizama siku ya kwanza, ikavutwa kwa matrekta mawili, ikaondoka na haikurudi. Kwa hiyo waliitwa watu wa Ikasi, majembe na sururu mikononi, na miongoni mwao alikuwamo Sedekia, kwa kuwa kabichi zake zilishang'olewa na fidia ilikuwa bado inashughulikiwa. Walichimba mpaka mita mbili. Hapo wakatoka wote, wakakaa juu ya kifusi, wakasema hawashuki tena. Jumamosi wenyeviti wawili walikuwa wanakuja kuweka mawe mawili ya msingi, na leo ni Alhamisi.

"Wanamtaka aliyepima," Shedrack alimwambia Eveline ndani ya gari. Alikuwa amemfuata ofisini mwenyewe. "Wamesema binti aliyepima akisema washuke, wanashuka. Kwa hiyo leo kazi yako ni neno moja tu."

Wiper zilikuwa zinapiga kioo kwa kasi.

"Na pakiporomoka, bosi?"

"Ripoti inasema ni pagumu. Ina jina lako. Kwa hiyo hapaporomoki, au vipi?" Akapunguza mwendo kwenye matope. "Halafu nisisahau, fomu yako ilionekana. Iko kwa mkurugenzi. Ataipitisha leo jioni, tukishamaliza hili."

Walimkuta msimamizi wa mkandarasi chini ya mwavuli, na nyuma yake, kwenye uzio wa mabati, vijana wengine wapatao thelathini wamejipanga wakisubiri kuona kama kuna nafasi. Wachimbaji walisimama alipofika. Mtaro ulikuwa mrefu, mweusi, umepita katikati ya bonde. Ukutani maji yalichuruzika sehemu nyingi kuliko zile alizoziona yeye, na upande wa Kidope udongo ulikuwa umetunisha tumbo kuelekea ndani.

"Kamwene, mwanangu," alisema Mzee Sedekia.

"Kamwene, mzee."

"Wewe uliingia humu ndani. Mimi nilikuwepo." Alisema kwa sauti ya kawaida. "Sisi tukikataa tunaambiwa wavivu, wale pale wanachukua nafasi zetu. Neno letu halina karatasi. La kwako lina karatasi. Hatukuombi jambo kubwa. Sema tu ulichokiona."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, mzee wa watu. Neno lilikuwa limeshamfika Eveline kwenye ulimi: toka, tokeni wote, mbali na huu ukingo. Alimwangalia Shedrack. Shedrack hakumtishia kwa chochote. Alikuwa ametoa simu yake, ameishika tu, anaangalia saa. Kesho ilikuwa Ijumaa.

"Pamepimwa," alisema Eveline. Akarudia kwa sauti, ili wote wasikie. "Pamepimwa. Ni pagumu. Shukeni."

Mzee Sedekia alimtazama. Si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye hakuna anayependa kumwambia hali yake, halafu akageuka akawaambia wenzake kwa Kihehe maneno machache. Mmoja akajikuna kichwa. Mwingine, kijana aitwaye Anord, aliyeoa juzijuzi tu, alicheka kidogo, akatema mate, akachukua sururu yake.

"Basi utusaidie kitu kimoja, dada," Anord alisema. "Jana simu zetu zimekufa mbili kwa maji. Wewe unabaki juu. Tushikie."

Akamwekea simu yake mkononi. Wa pili akaweka ya kwake juu ya ile, wa tatu, wa nne, wakipita mmoja mmoja kuelekea kwenye ngazi, mpaka Eveline akalazimika kukunja mikono yote miwili kifuani kuzibeba. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwa mpira, nyingine vioo vimepasuka. Sedekia alipita wa mwisho. Yake ilikuwa ndogo, ya vitufe. Akaichomeka katikati ya nyingine, akashuka.

Msimamizi akapiga filimbi. Majembe yakaanza.

Shedrack alirudi garini kukwepa mvua. Eveline alibaki ukingoni, hawezi kusogea mbele wala nyuma, akizikinga simu kwa kidevu zisilowane. Moja ikaanza kutetemeka katikati ya mikono yake. Aliinamisha kichwa akasoma jina kwenye kioo: Mama Watoto. Ikalia mpaka ikakatika. Ikaanza tena.