Karai la Zamda

Gari lilikuwa limeshaiacha Makambako, linapanda kwenda Njombe. Halfan aliendesha huku akimtazama mkewe Zamda kwa pembe ya jicho. Zamani lilikuwa gari la sinema la serikali. Mali za umma zilipopigwa mnada alilinunua, akatia kitanda na jiko, wakaishi humo, wakizunguka na biashara minadani hadi Manda, kwenye Ziwa Nyasa. Sasa Zamda amechoka. Binti yao Yasmini ameolewa Maskati, amejifungua, na bibi hajamwona mjukuu.

"Nitakuletea sura yake humu humu garini," Halfan alisema. "Ukimwona, utaendelea kuzunguka nami?"

"Nionyeshe kwanza, baba Yasmini."

Njombe, mkulima Anania, mzee wa usharika, aliwapa mahali pa kuegesha shambani kwake. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na chuo cha kanisa chenye waifai, naye akawaombea ruhusa. Lakini mawimbi hayakufika. Halfan akachukua karai la mandazi, akalitoboa katikati, akapachika kifaa cha kunasia mawimbi, akalifunga juu ya gari na kuvuta waya hadi kwenye kompyuta.

"Umetoboa karai langu."

"Nitakununulia lingine."

"Hata nyumba ulisema hivyohivyo."

Aliligeuza kidogokidogo, kama anayefungua kufuli la mwenziwe, mpaka Yasmini akatokea kwenye kioo cha kompyuta na mtoto mapajani. Mtoto akapiga chafya. "Afya, mjukuu wangu," Zamda akasema, akakigusa kioo.

Kesho yake Halfan alikwenda na gari mtoni kuchota maji. Aliporudi, sura hazikurudi. Karai lile liliona mbali, ila kwa tundu la sindano. Gari likisogea, basi. Akahangaika tena mpaka akazipata.

Siku ya mnada alikwenda kuuza Makambako kwa basi. Jioni alikuta karai liko juu ya nguzo ya mti wa mlingoti iliyosimikwa shambani, Anania anashindilia udongo.

"Nani kalishusha garini?"

"Mimi," Zamda alisema. "Bonde halitikisiki. Gari ndilo linalotikisika."

"Na safari ya Ludewa?"

"Nenda. Mimi nimefika."

Anania alikohoa. "Mzee Halfan, chumba cha uani kipo. Kaeni wote."

Kuondoka Halfan alikujua tangu ujana, kubembeleza hakukujua. Alipanda ngazi, akachomoa kifaa, akakitia mfukoni.

"Hiki changu."

"Na karai langu," Zamda akajibu. "Liache."

Akaliacha. Akawasha gari.

Kifaa hakikunasa tena kitu, si Mawengi wala Manda. Injini ilikufa Ludewa. Mwenye kulinunua gari alilifanya banda la kuku. Halfan alipanga chumba huko, akahama, akapanga kingine. Karai lilizibwa tundu, na Zamda akauza mandazi. Kumwona mjukuu alivuka bonde kwa miguu hadi kwenye kompyuta ya chuo. Anania alikufa kwa ugonjwa wa kifua, nguzo ikakatwa kuni. Yasmini alikuja na mtoto mara moja, wakakaa na Zamda chumba cha uani wiki mbili. Halfan alipata habari walipokwisha kuondoka.