Vidonge Anavyotaka Aziza

...na mkono wa Aziza, wifi ya Sharifa, bado umenyooshwa juu ya sinia la samaki, kiganja wazi, kwa sababu dada huyu wa mume wake hajui haya, "Nipatie tu ile dawa yako ya kunenepesha, wifi, binti yangu Malaika anaolewa Ijumaa na mashavu hana, watu wa bwana harusi watasema tulimulisha majani," eti dawa ya kunenepesha, kwani uso huu wa duara Sharifa aliuomba?, ni vidonge vya homoni, daktari alimweleza vizuri, mwili hujitengenezea wenyewe, sisi tunaongeza ili vidonda vya utumbo vipoe, utavimba uso, usishtuke, tutapunguza pole pole, lakini usikate ghafla, mwili utakuwa umesahau kazi yake... na kweli damu imekoma, siku nyingi sasa hajakimbilia choo cha soko akiuma kanga... "Ao unataka upendeze peke yako?" Aziza anacheka, wauza mihogo wanacheka naye, wakati wa vita nani alicheka, kule msituni nyuma ya Lokandu kila mtu alikuwa mifupa, kila mtu aliharisha, nani angejua tumbo la Sharifa lina ugonjwa wake peke yake, amiba, walisema, kunywa mizizi, vita vikaisha, amiba, watoto wakakua, amiba tu, naye akanyamaza, maana mwanamke wa heshima hatangazi kinachomtoka chini... yeye huyu!, anayemwambia mteja huyu samaki ni wa jana, mama, usimununue, yeye aliyemjibu Aziza juzi kuhusu uso wake, "Ni vitamini tu," vitamini!, na sasa uongo umezaa na mtoto wake anataka kula, akitoa vidonge vyake vitamwishia kabla ya wakati, tena atamvimbisha msichana mzima asiyeumwa na kitu, akinyima bila neno ataimbwa harusini kwamba ni muchoyo... "Wifi, unanisikia?" anasikia, sana tu, kiganja kiko palepale, wauza mihogo wametega masikio, basi watege, kuhara damu hakukumwua msituni, kusema kutamwua vipi?, hapana, Malaika aolewe na mashavu aliyopewa na Mungu, na hawa wote watajua ugonjwa wa utumbo ni nini, atausema kwa sauti ileile anayoitia wateja.