Kufuli la Kabati la Chakula

Ukoo wa mume wangu umejaliwa kila kitu isipokuwa akili. Mume wangu ni fundi makufuli. Mtu akipoteza ufunguo mtaani kwetu, anamkimbilia yeye. Sasa sukari yake ilipopanda na kukataa kushuka, dada yake na kaka yake wakaja kutusaidia. Walifanya nini? Walifunga kabati la chakula kwa kufuli. Kufuli! Kumzuia fundi makufuli!

“Wifi, huyu anadokoa,” dada mtu akanieleza, ufunguo ameuficha kifuani. “Mashine haidanganyi. Asubuhi juu, jioni juu.”

“Tamaa tu,” akadakia shemeji, mkaguzi wa shule mstaafu ambaye bado anakagua watu. “Jikaze, bwana! Wenzako wana sukari na wanakimbia kila asubuhi.”

Yeye mwenyewe akipanda ngazi chache za barazani kwetu anaomba kiti na maji.

Mume wangu alikuwa kwenye kochi na shati lake la juzi. Karakana alikuwa hajaikanyaga siku nyingi, na ndugu zake walisema ni uvivu. Aliliangalia lile kufuli mara moja, akageukia ukuta.

Hapo nikaingiwa na hofu. Kufuli la bei chee kama lile angelifungua kwa kibanio cha nywele huku anapiga mluzi, kisha angewacheka ndugu zake mpaka wakome. Safari hii hata hakutabasamu.

Nikawaacha na mahubiri yao, nikaenda kwenye friji. Insulini hujichoma mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mimi kazi yangu ni kununua tu. Chupa nilizomletea zilikuwa vilevile. Hakuna hata moja iliyotobolewa.

“Baba watoto, hujichomi?”

“Nimeacha.”

“Kwa nini?”

“Nijichome ili iweje? Ili kesho nijichome tena? Nimechoka, mke wangu. Kuishi kwenyewe sikutaki.”

“Mwanamume mzima!” shemeji akapayuka. “Mshukuru Mungu, wenzako wamekatwa miguu!”

“Shemeji,” nikamwambia, “funga mdomo, ukawashe gari.”

Nilikuwa sijawahi kumwamrisha yule mzee. Aliondoka mbio, kumbe kukimbia anajua.

Hospitali walimtundikia dripu, wakamchoma insulini, sukari ikaanza kushuka. Daktari, mama mmoja mpole, alimhoji kwa utulivu, kisha akatuambia kwamba mbali na sukari ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Akasema inawapata wengi wenye kisukari, na ina matibabu yake.

“Sonona ya nini?” wifi akaruka. “Huyu hana shida yoyote! Tunampenda, hatulali kwa ajili yake, mpaka kabati tumemfungia!”

Daktari alimtazama wifi kama anayetafuta pa kuanzia, akakata tamaa. Akamgeukia mgonjwa.

“Nyumbani huwa unaongea na nani?”

“Siongei na mtu,” mume wangu akajibu. “Wao wanaongea na sukari yangu.”

Wifi akafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikamtoa nje pamoja na kaka yake, nikafunga mlango. Nikarudi, nikakaa kando ya kitanda. Hasira zote ziliniishia, nikalia. Kisha nikamuuliza mume wangu anajisikiaje, na alipoanza kusema sikumkatiza.