Milango ya Bluu ya Wino

Mume wangu alikuwa mtu wa kuvaa soksi za rangi mbili tofauti na kushinda nazo kutwa bila habari. Kwa hiyo siku aliporudi kazini na kadi ya rangi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, akaiweka mezani na kutangaza kwamba sebule yetu imepitwa na wakati, nilimtazama mara mbili.

"Imepitwa na nani?" nikamuuliza.

"Siku hizi watu hawapaki krimu kila mahali, Mama Watoto. Hata kijivu kimekwisha. Ukuta unakuwa mweupe, halafu milango na fremu zinapigwa rangi nzito. Bluu ya wino, kijani cha zeituni, mambo kama hayo."

"Watu gani hao?"

"Watu tu."

Alisema hivyo akiliangalia sikio langu. Ulikuwa ugonjwa mpya huo. Nilipoongea naye, macho yake yalitua begani, au sikioni, au kwenye kiti cha jirani, kama mtoto aliyevunja sahani. Mwanamume asiyeweza kumtazama mkewe usoni ana neno moyoni.

Baba Watoto ni dereva wa basi la shule. Wako wazazi mtaani kwetu ambao aliwabeba wao wenyewe wakiwa na meno ya maziwa, na sasa anawabeba watoto wao. Kazi hiyo ndiyo iliyotujengea nyumba, na ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yetu wa mwisho chuoni.

Nilimweleza jirani yangu habari za rangi. Tunamwita Redio, kwa kuwa matangazo yake hayana saa ya kufunga.

"Mwenzangu," akasema, huku akianika shuka, "mwanaume hajui rangi. Ukiona ameanza kuzijua, kuna mwanamke ameshika brashi."

"Usinitie maneno."

"Mimi? Mimi natangaza tu. Yule matroni wa basi, zamani si alikaa nyuma na watoto? Sasa anakaa mbele, ubavuni mwa mumeo, na mdomo haufungi njia nzima. Mumeo anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehubiriwa."

Nilirudi ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwomba Mungu anionyeshe ukweli, na anipe moyo wa kuubeba. Sehemu ya pili niliiomba kwa sauti ndogo, maana sikuwa na hakika kama naitaka.

Fundi rangi alikuja Jumamosi na ngazi yake na ndoo zake. Alikuwa mtu wa maneno.

"Mama, mzee amekuwa wa kisasa! Wateja wangu wote sasa ni rangi ya chungu, zeituni, kahawia ya kokoa. Ila hii ya kuzungushia swichi rangi ya chungwa, hii ni mpya hata kwangu."

"Ndiyo mtindo wenyewe," mume wangu akajibu.

"Na hii ngazi moja ya kuingilia jikoni? Ukingo wake wa njano kabisa?"

"Njano kabisa."

"Basi mzee, kuta tupige rangi ya mafuta. Ile ukipitisha kitambaa tu, uchafu kwaheri. Hii isiyong'aa inashika kila kidole."

"Sitaki mng'ao. Mng'ao umepitwa."

Fundi akanikonyeza, akaendelea kukoroga. Wakati huo simu ya mume wangu, aliyokuwa ameiacha juu ya stuli, ikaita. Kioo kiliandika: Matroni. Yeye alikuwa nje akimwaga maji ya brashi. Nikaipokea, na kabla sijasema halo, sauti ya mwanamke ikaniwahi:

"Ile ngazi ya jikoni umeshaipaka? Anza na hiyo, tafadhali."

Nikakata. Jikoni kwangu, ambako hata Redio huishia mlangoni, kulikuwa na mwanamke mwingine anayeijua ngazi yake.

Nilipika, nikapakua, nikaomba. Kila nilipopita kwenye milango ile ya bluu niliona mkono wa yule mama. Mume wangu naye alikuwa akiigusa kila apitapo, kwa kiganja kizima, taratibu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikajisemea, anabembeleza zawadi.

Siku niliyoamua kumkabili nilikuwa nimetoka ibadani. Nilikuwa na gauni langu jeupe na kitambaa cheupe nimejitanda mpaka usoni. Nikakaa kwenye kiti kando ya ukuta wa sebule, mgongo wima, maneno nimeyapanga kinywani. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba, na taa sikuiwasha. Nilitaka akiingia akutane na mimi kabla ya kitu kingine chochote.

Akaingia. Akashika fremu ya mlango. Akavua viatu na kuvisukuma kwa mguu. Akapita mbele yangu, karibu kiasi kwamba suruali yake iligusa goti langu, akaelekea jikoni. Kwenye ukingo wa njano akanyanyua mguu kwa uangalifu, akarudi na kikombe cha maji, akaketi kunielekea.

Kisha akafunika uso kwa mikono akasema, "Mungu wangu, mpaka lini?"

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. "Baba," nikaita.

Kikombe kikaanguka. "Uko wapi?"

"Niko mbele yako."

Akanyoosha mkono, akaligusa gauni langu. "Nilidhani ni pazia," akasema.

Akanieleza. Katikati ya macho yake kulikuwa na moshi, na moshi ulikuwa unaongezeka. Pembeni alikuwa bado anaona, ndiyo sababu alikuwa akitazama masikio ya watu. Hospitali walimwambia kilichopotea hakirudi. Matroni ndiye aliyegundua wa kwanza, kwa kuwa mama yake mzazi alipatwa na hali hiyohiyo, na ndiye aliyemfundisha kwamba mlango mzito kwenye ukuta mweupe huonekana, na kwamba mng'ao huchoma macho.

"Na barabarani?" nikauliza.

Akainama kukipapasa kikombe sakafuni.

"Baba Watoto. Barabarani unafanyaje?"

"Ananiambia. Tuta, taa, mtu anavuka. Yuko hapo ubavuni, ananiambia yote. Na njia ile naijua kwa mwili."

Nilitamani angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumwambia.

"Njia unaijua," nikasema. "Mtoto anayekimbilia mpira humjui."

"Mpaka binti amalize tu. Amebakiza kidogo."

"Binti yetu ana sisi wawili. Hao wa kwenye basi umepewa wewe asubuhi na mama zao, mkononi."

"Nitakuwa nani nikishuka?"

Nikamshika mkono. Kisha nikachukua simu yake nikampigia matroni. Nilimwambia mimi ni mke wake na nimejua. Nikasikia kilio.

"Dada yangu, kila siku nasali kutoka geti la shule mpaka nyumba ya mwisho. Nilimwonea huruma, nikashindwa kusema. Nimechoka."

"Kesho usipande, na asipande mtoto yeyote," nikamwambia.

Asubuhi tulitembea mpaka shuleni, mkono wake kwenye kiwiko changu. Aliniomba niseme kwa niaba yake. Nikakataa. Nikakaa pembeni ya ofisi, na yeye akasimama mbele ya mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu, mimi sioni. Nimekuwa nikiendesha na sioni."

Mwalimu mkuu aliinuka, akafunga mlango, akaketi tena. Kabla hajapata neno, simu ya mezani ikaita. Alikuwa mzazi akigomba: basi liko wapi, mtoto amesimama njiani, shule gani hii? Ikakatwa, ikaita tena. Mwingine, mkali zaidi.

Mume wangu aliketi, mikono magotini, akizisikiliza sauti zile moja baada ya nyingine. Wote aliwajua. Midomo yake ilikuwa ikitaja watoto wao kimyakimya.

Nami pale pembeni niliinamisha kichwa, nikamshukuru Mungu kwa kila mzazi aliyepiga kulalamika.